Kisa cha linki ya tiketi: faili tuliyoiona Dar, mkaguzi hakuiona

Mazingira ya kisa

Kisa hiki ni cha kampuni moja ya Dar es Salaam inayouza tiketi za mabasi ya mikoani kwa simu. Jina la kampuni, domeini yao halisi (anwani ya tovuti yao) na majina ya wahusika nimeyaondoa, na domeini nitaiandika tiketi.example ili tuelewane. Mimi niliitwa nisaidie siku ya pili ya tatizo, nikakaa nao mpaka likaisha, kwa hiyo mengi nimeyaona mwenyewe na ya siku ya kwanza nimesimuliwa na waliokuwepo.

Timu yenyewe ndogo. Kuna kijana anayeandika apu ya Android, mwenzake anashika ya iPhone pamoja na tovuti, kaka mmoja wa seva ambaye haji kila siku kwa sababu ana kampuni nyingine anazozihudumia, na dada wa huduma kwa wateja ambaye ndiye simu zote zinamwangukia yeye. Wateja wao wengi wanatumia Android, na sio zile za bei, ni Tecno, Infinix na itel, nyingine zimenunuliwa miaka mingi iliyopita na bado zinadunda.

Utaratibu ulikuwa hivi: abiria anachagua basi, analipa kwa simu, kisha anapokea meseji yenye linki. Akiibonyeza, apu inafunguka palepale kwenye tiketi yake ikiwa na namba ya siti, saa ya kuondoka na ile picha ya mraba ya kuskani. Konda anaskani, safari inaanza. Hicho ndicho walichowatangazia wateja kwenye toleo jipya.

Zamani linki yao ilikuwa ya aina ile ya kujitungia, inaanza na jina la apu halafu nukta mbili na mistari miwili. Waliiacha kwa sababu mbili na zote nazikubali. Kwanza apu nyingi za meseji hazitambui linki ya namna hiyo, inabaki maandishi tu, mtu anabonyeza mpaka anachoka. Pili, na hii ndiyo nzito, apu yoyote ile kwenye simu inaweza kujiandikisha kwa jina hilohilo na hakuna anayeuliza wewe nani. Kwa kitu kinachobeba tiketi iliyolipiwa hiyo ni hatari. Wakahamia kwenye linki ya kawaida ya https ambayo imethibitishwa.

Linki inathibitishwaje, kwa kifupi

Android ina kitu hiki tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, na Apple nao walikileta kwenye iOS 9 mwaka huohuo. Wazo lake ni la kiungwana kabisa, kila upande unamtaja mwenzake. Apu inasema ndani ya menifesti yake, yaani faili yake ya maelezo, kwamba mimi ninafungua linki za tiketi.example. Tovuti nayo inaweka faili mahali panapojulikana, /.well-known/assetlinks.json, inayosema ndiyo, apu hii ninaitambua, jina lake hili na alama ya cheti kilichoisaini ni hii hapa, mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA-256. Apu ikiwekwa kwenye simu, ukaguzi unafanyika, pande mbili zikikubaliana basi linki inafungua apu moja kwa moja bila kuuliza.

Upande mmoja ukitaja na mwingine ukanyamaza hakuna ndoa. Na hapa matoleo ya Android yanatofautiana, jambo ambalo lilitusumbua sana baadaye. Kwenye Android 11 kurudi nyuma, ukaguzi ukifeli simu inamletea mtu kile kidirisha cha kuchagua, ufungue kwa apu au kwa brauza. Kuanzia Android 12 ya mwaka 2021 hakuna kuulizwa, linki isiyothibitishwa inaenda kwenye brauza moja kwa moja.

Kilichotokea

Toleo jipya lilitoka katikati ya wiki. Ijumaa alfajiri, saa kumi na moja na kitu, dada wa huduma kwa wateja akaanza kupigiwa simu kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Mabasi ya saa kumi na mbili yanajaza watu, konda yuko mlangoni, abiria kabonyeza linki na badala ya tiketi kaletewa ukurasa wa brauza unaomtaka aingize namba ya simu na neno la siri. Mama mmoja alimwambia, “Mwanangu, hii imeniletea mambo ya neno la siri, mimi hilo neno la siri nalitoa wapi, tiketi kanikatia kijana wangu.” Dada akamwambia, “Pole mama, hebu nisomee namba iliyo mwanzoni mwa hiyo meseji,” akaitafuta kwenye mfumo, akaongea na konda, mama akapanda. Kisha simu nyingine, na nyingine. Mpaka saa moja asubuhi alikuwa anasomewa namba na watu waliosimama kwenye foleni na mabegi mabegani.

Abiria wengine walisema simu inawauliza wafungue kwa nini, wakachagua brauza maana ndiyo wanayoijua. Abiria mmoja alikasirika kwamba hii ni meseji ya matapeli, akasema ameshaipeleka 15040, ile namba ya kuripoti meseji za utapeli. Simlaumu hata kidogo. Nchi hii watu wamepokea “ile hela itume kwenye namba hii” mpaka wamechoka, na meseji yenye linki inayokupeleka kwenye ukurasa wa kuomba neno la siri ina sura ileile ya wizi.

Kijana wa Android alipofika ofisini akabonyeza linki kwenye simu yake. Ikafungua apu vizuri kabisa. Akajaribu mara tano, inafungua. Akasema tatizo liko kwa wateja, hawajaapdeti. Asubuhi nzima ya Ijumaa ikaishia hapo, watu wanaambiwa waapdeti na walioapdeti nao wanasema hali ni ileile.

*Alama isiyo yake*

Mimi nimefika Jumamosi. Nikaomba simu yake ile inayofanya kazi, nikaichomeka kwenye kompyuta na kuandika amri ya kuiuliza simu hali ya linki zake, adb shell pm get-app-links na jina la apu. Majibu yake ndiyo kitu cha kwanza nilichotaka timu nzima wakione kwa macho, wakaja wote wakainamia meza. Mbele ya domeini palitakiwa pasomeke verified. Pamesomeka 1024, maana yake mkaguzi, yaani ule mfumo unaokagua linki, alijaribu akafeli. Halafu mistari michache chini, sehemu ya machaguo ya mtumiaji, domeini ileile iko Enabled.

Kumbe wiki mbili nyuma, wakati anaandika, linki ilikuwa haifunguki akaingia kwenye settings za simu, kwenye sehemu ya apu kufungua linki zake, akaiwasha kwa mkono ili aendelee na kazi. Akasahau. Simu yake haikuwahi kuthibitisha kitu, ilikuwa inamtii mwenye simu tu. Na ndiyo simu iliyotumika kusema toleo liko tayari.

Tukaifungua faili ya assetlinks. Alama ya SHA-256 iliyomo aliitoa kwa keytool, programu ya kushughulikia funguo za kusainia apu, kwenye ufunguo ulioko kwenye kompyuta yake. Ule ni ufunguo wa kupakilia. Apu yao ni mpya, na tangu Agosti 2021 apu mpya za Play zinasainiwa na Google kwa ufunguo mwingine ambao Google wanautunza wenyewe, wa kwako unatumika kuthibitisha tu kwamba ni wewe uliyeupandisha mzigo. Kwa hiyo apu iliyoko kwenye simu ya yule mama ilikuwa na cheti kimoja na tovuti inakitambua kingine. Alama sahihi ipo kwenye Play Console, tovuti ya Google ya waandishi wa apu, kwenye ukurasa wa saini ya apu, na pale pale wanakupa hata kipande cha faili kilichokwishaandikwa, unanakili tu. Tukakiweka.

*Ukaguzi haufanyiki Dar*

Tukafuta apu kwenye simu ya majaribio, tukaiweka upya kutoka Play, tukasubiri dakika moja. 1024 tena.

Hapa ndipo tulipoteza muda mwingi kuliko kote. Faili tunaiona, kwenye brauza inafunguka, kwa curl, amri ya kuvuta ukurasa, inajibu 200 yaani sawa, aina ya maudhui ni application/json kama inavyotakiwa, cheti cha https kizima. Tukahesabu herufi za alama moja moja, mmoja anasoma mwingine anafuata kwa kidole kwenye skrini, jozi 32, hakuna kosa. Tukabadilisha simu, tukabadilisha laini. Bado.

Mwishowe nikakumbuka kumuuliza mkaguzi mwenyewe. Google wana anwani ya wazi ya Digital Asset Links, unaiandikia jina la tovuti na aina ya uhusiano unaotaka kujua, inakujibu kile ambacho yeye amekiona. Tukaiweka kwenye brauza. Jibu: ERROR_CODE_FETCH_ERROR. Hajaiona faili kabisa.

Yaani sisi tulioko Dar tunaiona, yeye anayetakiwa kuikagua haioni. Nikauliza, kuna kitu chochote kinachozuia watu wa nje ya nchi? Kimya. Tukampigia kaka wa seva. Akasema, ndiyo, wiki iliyopita kulikuwa na mtu anajaribu maneno ya siri kwenye ukurasa wa kuingilia, maelfu ya majaribio kutoka nje, nikaifunga fayawoli, ule ukuta wa ulinzi wa seva, ikubali Tanzania tu, wateja si wako Tanzania?

Alikuwa na sababu ya haki na alichukua hatua haraka, hilo nalisema kwa heshima. Ila ukaguzi wa linki haufanywi na simu ya abiria kutoka Mbezi. Unapita kwenye seva za Google, na kwa iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020 faili kama hiyo ya upande wa Apple inachukuliwa na mtandao wao wa usambazaji, simu inaisoma kutoka huko. Wote hao kwa fayawoli yetu ni wageni wa kurudishwa mlangoni na 403, lile jibu la huruhusiwi. Na kuna jambo lingine lililojitokeza hapohapo, Watanzania walioko nje ambao huwakatia wazazi wao tiketi walikuwa wamefungiwa wiki nzima, na hakuna aliyekuwa amejua kwa sababu mtu akiona tovuti haifunguki hapigi simu, anaachana nayo.

Kaka akafungua njia ya /.well-known/ kwa dunia nzima na akauacha ukurasa wa kuingilia na ulinzi wake. Tukauliza tena ile anwani, safari hii ikajibu na alama yetu ikiwemo. Tukafuta apu, tukaiweka tena, tukasubiri. verified. Kijana wa Android alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

*Simu za zamani na ile www*

Jumapili dada akatuambia simu zimepungua ila hazijaisha, na wote waliobaki wanasema kitu kimoja, wanaulizwa wafungue kwa nini. Kidirisha kile, kwa hiyo Android 11 kushuka chini. Tukaazima itel ya mlinzi wa jengo, yenye Android 10, na kweli.

Menifesti ilikuwa imetaja domeini mbili, yenye www na isiyo na www. Ile yenye www ilikuwa inamhamishia mtu kwenda isiyo na www, kama tovuti nyingi zinavyofanya, na kwa brauza hakuna shida. Mkaguzi lakini hafuati ridairekti, yaani huko kuhamishwa. Anataka faili ijibiwe palepale alipoiomba. Kwenye Android 12 na kuendelea kila domeini inahukumiwa peke yake, kwa hiyo isiyo na www ilifaulu na meseji zikafanya kazi. Kwenye Android 11 kushuka, domeini zote zilizotajwa lazima zifaulu, moja ikianguka zote zinaanguka nayo. Ndio maana wenye simu mpya walipona Jumamosi na wenye simu za zamani wakabaki, na kwa biashara ya mabasi wenye simu za zamani sio wachache.

*Mgeni ndani ya faili*

Jambo la mwisho hakuna mteja aliyelilalamikia, na ndilo lililonikosesha usingizi. Tulipokuwa tunaisoma ile faili kwa mara ya sijui ngapi, nikauliza mbona ina apu mbili. Ya kwanza ni yao. Ya pili ina jina lenye neno la majaribio mwishoni, na hakuna aliyeijua mpaka bosi mwenyewe alipokumbuka kwamba kabla ya timu hii kulikuwa na mkandarasi aliyewaanzishia kazi, wakaachana, sio kwa ubaya.

Apu yake ya majaribio ilikuwa bado inatambuliwa na tovuti. Kwa jinsi ilivyojengwa, karibu hakika alama yake ilikuwa ya ufunguo wa majaribio, ule ambao kila kompyuta ya mwandishi wa Android inajitengenezea yenyewe na neno lake la siri ni “android” dunia nzima. Na haikupewa ruhusa ya kufungua linki tu, palikuwa na mstari wa get_login_creds, ambao ni ruhusa ya apu kushirikiana na tovuti maneno ya siri ambayo mtumiaji ameyahifadhi. Maana yake, yeyote aliye na faili ya ufunguo ule angeweza kutengeneza apu, akimshawishi mtu aiweke kwenye simu basi simu ingeihesabu kuwa ni ndugu halali wa tiketi.example. Hatukuona dalili yoyote kwamba imewahi kutumika. Lakini ilikaa hadharani zaidi ya mwaka, na faili hii mtu yeyote duniani anaweza kuisoma, ndivyo ilivyoundwa.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilifanywa na dada wa huduma kwa wateja Ijumaa ileile kabla mafundi hawajaelewa kitu, na kwangu ndilo bora kuliko yote. Aliomba meseji ibadilishwe, namba ya tiketi, siti, saa na namba ya basi viandikwe ndani ya meseji yenyewe, linki ifuate mwisho. Konda anaweza kuhakiki kwa namba. Bosi alisita kwa sababu meseji inakuwa ndefu na inahesabiwa kama mbili, gharama inapanda. Dada akamwambia abiria mmoja akiachwa na basi la Mwanza gharama yake ni kubwa kuliko meseji. Ikapita.

Kulikuwa na pendekezo kwamba ili kuondoa usumbufu, linki ibebe ufunguo wa kumwingiza mtu kwenye akaunti moja kwa moja hata akiwa kwenye brauza. Nililipinga na kijana wa tovuti akaniunga mkono. Tiketi hapa kwetu mara nyingi anakata mmoja anasafiri mwingine, meseji inatumwa kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama, kwa shangazi, kwa dereva wa bodaboda anayempeleka stendi. Linki inayomwingiza mtu kwenye akaunti inakuwa funguo ya nyumba inayopitishwa mikononi. Badala yake ukurasa wa brauza ukatengenezwa uonyeshe tiketi tu bila kuomba neno la siri, siti, saa, namba, ile picha ya kuskani, na hakuna namba ya simu ya mnunuzi wala historia ya malipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo tuliitaja mezani, ila hata isingekuwepo uamuzi ungekuwa uleule.

Kuhusu www kulikuwa na njia mbili, kuiondoa kwenye menifesti au kuifanya ijibu faili bila ridairekti. Kuiondoa ni rahisi na ndivyo ningependa. Lakini stika walizobandika kwenye vioo vya ofisi za kukatia tiketi na ndani ya mabasi zina ile picha ya kuskani yenye www, na hakuna mtu wa kuzunguka kuzibandua. Kwa hiyo www ikabaki ikihamisha watu kama kawaida, isipokuwa njia ya /.well-known/ ambayo inajibu yenyewe.

Kijana wa Android aliomba alama ya ufunguo wake wa kupakilia ibaki kwenye faili pia, inaruhusiwa kuweka zaidi ya moja, ili ajaribu matoleo kabla hayajaenda Play. Tulikataa, tukampa domeini ndogo ya majaribio yenye faili yake. Kila alama unayoiweka kwenye faili ya wateja ni mtu uliyemkabidhi wateja. Ya mkandarasi ikafutwa siku hiyohiyo, pamoja na ule mstari wa maneno ya siri ambao apu yao wenyewe haikuwa inauhitaji.

Matokeo

Jumatatu walitoa apdeti ndogo isiyo na kitu kipya ndani, kusudi lake ni ukaguzi ufanyike upya wakati simu zinapoiweka. Kwa siku kadhaa zilizofuata simu za alfajiri zikapungua mpaka zikarudi kwenye mambo ya kawaida ya mizigo na kuchelewa. iPhone zilichelewa kidogo, mtandao wa Apple ulichukua faili baada ya kama siku moja na simu zilizokuwa na apu tayari haziulizi kila saa. Hapa kulikuwa na mkanganyiko mdogo, bosi alikuwa anaiandika anwani kwa mkono ndani ya Safari na kusema haifanyi kazi. Kwa namna hiyo haifungui apu, lazima linki ibonyezwe, kwenye meseji au hata kwenye Notes.

Zipo simu ambazo hazikupata apdeti, watu wamezima apdeti kwa sababu ya bando. Hao wanaletewa ukurasa wa tiketi kwenye brauza, hauwaombi kitu, na wanasafiri.

Uchambuzi

Ukiniuliza kosa lilikuwa nini nitakwambia makosa manne yalikaa foleni, kila moja likifichwa na lililo mbele yake. Tulipoondoa alama mbaya tulitegemea kupona, na fayawoli ikatuonyesha dalili zilezile, tukaanza kuitilia shaka alama ambayo tayari ilikuwa sahihi. Kama tungeanza kwa kuuliza ile anwani ya Google kabla ya kugusa chochote, fayawoli ingejulikana ndani ya dakika tano na hata www, kwa sababu kwa www inakwambia kabisa ERROR_CODE_REDIRECT. Hili nalibeba mwenyewe, mimi ndiye niliyekuwa na uzoefu pale na nilianza na simu kwa sababu simu ilikuwa mezani.

Simu ya mwandishi wa apu ni shahidi mbaya. Ina apu aliyoiweka kutoka kwenye kompyuta, ina saini nyingine, ina settings alizozigusa kwa mkono usiku wa manane. Sasa hivi wana simu mbili ambazo hazichomekwi kwenye kompyuta ya mtu, moja Android 10 na nyingine mpya, apu zinawekwa kutoka Play tu, na hakuna toleo linalotangazwa kabla dada wa huduma kwa wateja hajabonyeza linki yeye mwenyewe kwenye zote mbili.

Kilichofeli kikubwa zaidi ni kwamba faili haikuwa na mwenyewe. Kijana wa Android aliiandika akamtumia wa tovuti kwa WhatsApp, wa tovuti akaipandisha juu ya ile ya zamani kwa kuongeza kipande chake bila kuuliza hiki kingine ni cha nani, kaka wa seva hakujua hata kama ipo. Kila mmoja alifanya sehemu yake vizuri. Sasa inakaa pamoja na msimbo wa tovuti, ikibadilishwa lazima wawili waione, na mkataba wa mtu ukiisha faili inafunguliwa na kusomwa siku hiyo kama ambavyo ungebadilisha kitasa. Pia kuna kiskripti kidogo kinachouliza ile anwani ya Google kila saa kwa domeini zote mbili na kutuma meseji kwa watu watatu jibu likibadilika. Kinaendeshwa kutoka seva iliyoko nje ya nchi, makusudi.

Kilichofanya kazi ni ile akili ya dada ya kuweka tiketi ndani ya meseji. Linki ikawa nyongeza na safari haikuitegemea tena. Mafundi, nikiwemo mimi, tulikuwa tunafikiria jinsi ya kuifanya linki ifunguke, yeye alikuwa anamfikiria mtu aliyesimama mlangoni kwa konda saa kumi na moja na nusu.

Na kuna dhara ambalo halikuonekana kwenye hesabu yoyote ya kampuni. Kwa zile siku chache, watu waliobonyeza linki kwenye meseji waliletewa ukurasa wa kuomba namba ya simu na neno la siri, na wengi wao waliandika, kwa sababu basi linaondoka. Ukurasa ulikuwa wa kweli. Lakini mkono wao umefanya mazoezi ya kitu kilekile ambacho tapeli anakihitaji, kubonyeza linki ya meseji kwa haraka na kutoa neno la siri kwenye brauza. Yule aliyetupeleka 15040 alikuwa sahihi kuliko sisi. Nilimwomba bosi atume meseji kwa wateja wote kusema wazi kwamba tiketi yao haitaomba neno la siri kupitia linki, leo wala siku nyingine, na ikiomba wasiandike, wapige simu ofisini. Aliituma Jumanne. Dada aliniambia yule mama alipiga simu siku hiyo kuuliza kama meseji hiyo nayo ni ya kwetu kweli, akamjibu ndiyo mama, ni yetu, na umefanya vizuri kuuliza.